Kutoka Neno la Mgonjwa hadi Msimbo: Mafunzo ya Awali ya Mtia Misimbo wa Magonjwa

Mtia misimbo ni mtumishi wa afya anayesoma utambuzi ulioandikwa na tabibu na kuupa alama ya herufi na tarakimu kwa kufuata Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa. (Istilahi "msimbo" inafaa kuliko mkopo "kodi", ambao ungegongana na kodi ya nyumba.) Toleo la 11 lilianza kutumika rasmi mwaka 2022, mifano ya hapa ni ya toleo la 10, lililopitishwa mwaka 1990, lenye juzuu 3: orodha ya misimbo, kanuni na faharasa. Mwanagenzi huanzia katika faharasa, kisha huthibitisha katika orodha.

Makala haya yanadai kwamba kazi hiyo ni ya kileksika kabla ya kuwa ya kitabibu. Na uchukuliwe mfano wa Didia, Wilaya ya Shinyanga. Neno "kichocho" ni moja, ilhali uainishaji unatenga B65.0, kichocho cha njia ya mkojo, na B65.1, cha matumbo. Cha kwanza ndicho cha malambo na majaruba ya Shinyanga. Cha pili hupatikana zaidi kandokando ya Ziwa Victoria. Rejesta ikisema "kichocho" tu, mwanagenzi ataandika B65.9, yaani kisichobainishwa, hata kama anajua mgonjwa anakotoka. Kukisia ni mwiko.

"Degedege" nalo hutaja kinachoonekana, si chanzo: huenda ikawa R56.0 ya homa, B50.0 ya malaria ya ubongo, au kifafa, G40.

Zito zaidi lahusu wanaokwenda kuchimba dhahabu Geita. Vumbi la miamba yenye silika huharibu mapafu na kuzidisha hatari ya kifua kikuu. Tabibu akiandika maradhi yote mawili, mwanagenzi asiye makini atatoa A15 na J62, ilhali orodha inaagiza msimbo mmoja unaoyaunganisha, J65. Lakini tabibu akiandika "kifua kikuu" pekee, J65 haipatikani kabisa. Katika takwimu mgodi unatoweka, inabaki bakteria. Mtia misimbo hawezi kuongeza kazi ya mgonjwa ambayo haikuandikwa. Awezalo ni kulirudisha jalada kwa tabibu pamoja na swali la maandishi, tena lisiloelekeza jibu: "Mgonjwa amefanya kazi gani, na kwa muda gani?", wala si "Je, ni vumbi la mgodi?"