Mgonjwa akikataa kupimwa damu

SWALI: Daktari, mimi ni mwuguzi wa materniti hapa Kalima. Sindano zinatuchoma, damu inaturukia, ya mama wazazi na ya wachimbaji walioangukiwa na udongo. Kwa nini sheria isimlazimishe mgonjwa apimwe Sida na homa ya ini, ili nasi tujue tumeshika nini? – Mwuguzi, Kalima

JIBU: Ndugu yangu, hofu yako ina msingi. Mwuguzi asiye na kinga akichomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye homa ya ini aina ya B, huambukizwa mara 6 hadi 30 katika michomo 100. Kwa VIH, virusi vya Sida, ni kama mara 3 katika 1,000. Itazame tena hesabu hiyo: Sida ndiyo inayotutisha, lakini homa ya ini ndiyo inayotuingia kirahisi. Hata hivyo, kumlazimisha mgonjwa hakutakukinga. Dawa ya kuzuia VIH baada ya mchomo huanzwa saa zile zile za kwanza, na zikipita saa 72 haianzwi tena. Humezwa siku 28. Jimbo la Ontario huko Kanada lilitunga mwaka 2006 sheria kama hiyo unayoitaka, na hata huko ombi hupitia kwenye bodi yenye hadi siku 7 za kulisikiliza. Saa zako 72 zimekwisha, nawe bado unangoja karatasi. Tena karatasi ikija safi, huenda imekudanganya: mtu aliyeambukizwa wiki 2 zilizopita, kipimo cha haraka kinaweza kumkosa, na siku hizo ndizo damu yake imejaa virusi.

Utasema jibu la kipimo lingekuepusha na mwezi mzima wa vidonge na usiku wa mawazo. Kweli, na ndiyo sababu mgonjwa aombwe, mapema na kwa upole, na mwenzako, si wewe uliyechomwa na bado unatetemeka. Akikataa, mhesabu kuwa anavyo virusi, uanze dawa. Sheria yetu ya Kongo namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008, inayolinda watu wanaoishi na VIH, haikuwekwa kumdharau mwuguzi. Katika mji wa machimbo ambamo kila mtu anamjua jirani yake, habari ya mama aliyepimwa kwa nguvu itafika sokoni kabla yeye hajatoka wodini, na mama wa pili atajifungulia nyumbani. Hatari haitakuwa imepungua. Itakuwa imehamia kwa mkunga asiye na glavu.

Wapo watakaouliza, basi sisi tunalindwa na nani? Kikwit, mwaka 1995, Ebola ilishika watu 315, na 80 kati yao walikuwa wahudumu wa afya. Walichokosa si amri ya kupima wagonjwa. Glavu, barakoa na nguo za kinga zilipofika na watu wakafundishwa kuzitumia, maambukizi mapya kati ya wahudumu yalikoma karibu kabisa. Kwa homa ya ini B kinga ni chanjo, sindano 3 ndani ya miezi 6; watoto wetu wanachanjwa, na wauguzi wengi wanaowachanja hawajawahi kuipata wao wenyewe. Hilo ndilo la kulipigia kelele, na hapo nitakuunga mkono hadharani.

Ukichomwa, osha kwa maji na sabuni. Usikamue, usipake javeli. Sindano iliyotumika usiirudishie kifuniko, itie moja kwa moja kwenye sanduku lake. Na leo, kabla zamu haijaisha, muulize mkuu wako: zile dawa za siku 28 ziko kabati gani, na usiku ufunguo unabaki kwa nani?