MWANGWI WA AMPLI: TUPIME KWANZA



Ile ampli ya zamani ya kwaya ilibaki na sauti kavu, mwangwi hakuna. Mwenzetu mmoja alitaka kufungua chuma ya lampi mara moja. Tulimukataza. Hata mukiisha kutosha fishi, kondansateri zinaweza kushika volti 400 na zaidi. Hiyo inaua mutu.

Mwangwi unatoka wapi? Ampli za namna hii, kama Vibroverb ya Fender ya mwaka 1963, ziko na sanduku lenye resori. Sauti inaingia upande mmoja, inatikisa resori, inatokea upande mwingine imechelewa kidogo.

Tulifanya hivi:

1. Tuliwasha, tukafungua kifungo cha mwangwi, tukatikisa ampli kidogo. Resori zikilia kama radi, upande wa kutokea ni muzima. Kwetu, kimya.

2. Tulitosha fishi, tukabadilisha kamba mbili za sanduku, tukawasha tena. Bado kimya.

3. Tulitosha fishi tena, tukapima sanduku peke yake. Kwa aina hii, upande wa kuingilia unapima karibu omu 1, wa kutokea karibu 200. Kwetu, wa kutokea, mshale haukutikisika.

Kumbe ndani ya sanduku uzi mwembamba ulikatika! Tuliuchomelea kwa risasi, mwangwi ukarudi. Hatukununua kitu, wala chuma ya lampi hatukuigusa.

Sisi wa mwaka wa sita tunaondoka karibuni. Atakayeshika ampli kisha sisi, asome kwanza karatasi hii.