Mwaka wa Kwanza wa Udaktari: Yanayofundishwa na Jinsi Wiki Inavyopita

Kila mwaka, KUCCPS inapotangaza nafasi za vyuo vikuu, kuna familia hupata habari kwamba mtoto wao ameitwa kusomea udaktari. Harambee huitishwa, sanduku hununuliwa, mchungaji au imamu huombea safari. Mwanafunzi akishaondoka, wengi nyumbani hawajui tena kinachoendelea huko chuoni mpaka arudi likizo akiwa amekonda. Makala haya yanaeleza yanayofundishwa katika mwaka wa kwanza, wiki inavyopangwa, na kwa nini mwaka huo huwaangusha hata waliokuwa wakiongoza katika shule zao.

Shahada yenyewe hujulikana kwa herufi MBChB, yaani shahada ya tiba na upasuaji. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi na kile cha Moi huchukua miaka sita. Baada ya hapo mhitimu hufanya kazi mwaka mmoja hospitalini chini ya usimamizi kabla ya kupewa leseni kamili. Nairobi ilianza kufundisha udaktari mwaka wa 1967. Kabla ya hapo Mkenya aliyetaka taaluma hiyo alikuwa akienda Makerere, Uganda, au ng'ambo. Moi, huko Eldoret, walipokea wanafunzi wao wa kwanza wa udaktari mwaka wa 1990. Leo kuna vyuo vingine kadhaa, vya umma na vya kibinafsi, na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, ndilo linaloidhinisha mafunzo yao. Kabla ya kulipa karo mahali popote, mzazi ahakikishe chuo hicho kimeidhinishwa.

Masomo matatu makuu

Mwaka wa kwanza hausomeshi magonjwa. Jambo hili huwashangaza wengi. Unamsomesha mwanafunzi mwili mzima ulivyo na unavyofanya kazi ukiwa na afya, kwa sababu asiyejua kilicho sawa hawezi kutambua kilichoharibika. Masomo yanayobeba mwaka ni matatu: anatomia, fiziolojia na biokemia. Pamoja nayo huwa kuna masomo madogo kama afya ya jamii, tabia ya binadamu na mawasiliano, ambayo wanafunzi wengi huyadharau na baadaye hujuta.

Anatomia ndiyo inayokula saa nyingi zaidi. Ni elimu ya umbo la mwili: mifupa 206 ya mtu mzima, misuli, mishipa ya damu, neva, na jinsi vyote vinavyopita ubavuni mwa vingine. Hufundishwa kwa mihadhara, lakini moyo wake uko katika chumba cha maiti. Kwa kawaida wanafunzi hugawanywa katika makundi, kila kundi hupewa mwili uliohifadhiwa kwa dawa ya formalini, na kwa miezi mingi hulifungua eneo moja baada ya jingine: mkono, mguu, kifua, tumbo, kichwa na shingo. Matumizi ya miili hiyo yana sheria yake, Sheria ya Anatomia, Sura ya 249 ya Sheria za Kenya. Hairuhusiwi mzaha wala picha, na mwanafunzi anayevunja heshima hiyo huadhibiwa. Wiki za kwanza ni ngumu. Harufu ya formalini hukaa kwenye nguo, macho huwasha, na wapo wanaoshindwa kula nyama kwa muda. Wengi huzoea. Asiyezoea haimaanishi ni mwoga, na hafai kuchekwa anapoeleza hayo nyumbani.

Kwa nini taabu yote hiyo? Mfano ni ajali za bodaboda ambazo kila hospitali ya kaunti huzipokea. Abiria anavunjika mfupa wa mkono wa juu, kati ya bega na kiwiko. Nyuma ya mfupa huo, katika kijifereji chake, hupita neva inayoinua kiganja. Daktari anayejua hilo atamwambia mgonjwa ainue kiganja hata kabla ya kuangalia picha ya eksirei. Kikining'inia, anajua neva imeguswa. Vivyo hivyo sindano ya matakoni hudungwa sehemu ya juu, upande wa nje, kwa sababu sehemu ya chini hupita neva nene ya mguu, na sindano iliyokosewa inaweza kumlemaza mtoto. Mambo haya hujifunzwa mwaka wa kwanza.

Ndani ya anatomia kuna matawi mawili yasiyoonekana kwa macho matupu. Histolojia hutazama tishu kwa hadubini. Embriolojia hufuata mimba tangu siku ya kwanza. Humo ndimo mwanafunzi hugundua kwamba mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga karibu siku ya 28 baada ya mimba kutungwa, wakati mama wengi hawajui hata kama ni wajawazito. Ndiyo sababu vidonge vya asidi ya foliki vinafaa vianzwe kabla ya mimba, na ndiyo sababu moja ya sheria ya Kenya, tangu 2012, kutaka unga wa mahindi na ngano unaosagwa viwandani uongezwe virutubishi, asidi hiyo ikiwemo.

Fiziolojia huuliza mwili unafanyaje kazi. Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma takriban lita 5 za damu kwa dakika. Figo huchuja takriban lita 180 za maji kwa siku na kurudisha karibu yote, ila lita moja au mbili ambazo hutoka kama mkojo. Somo linalowagusa wananchi zaidi pengine ni lile la utumbo. Ukuta wa utumbo mwembamba una milango inayopitisha chumvi na sukari kwa pamoja, na zikipita, maji hufuata. Milango hii huendelea kufanya kazi hata mtu anapoharisha kwa kipindupindu. Maji matupu hayatoshi, lakini maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo sahihi huingia mwilini. Huo ndio msingi wa ORS, pakiti ambayo wahudumu wa afya ya jamii hubeba mkobani.

Biokemia ni kemia ya uhai, na ndilo somo ambalo wanafunzi huliogopa kimyakimya. Mengi ni ya kukariri: njia ndefu ambazo sukari, mafuta na protini hupitia ili kutoa nguvu. Lakini mtu wa Kisumu, Busia au Kilifi atalielewa upesi akifika kwenye selimundu. Himoglobini, protini inayobeba oksijeni, imeundwa kwa vijenzi vilivyopangwa kama shanga. Katika selimundu, shanga moja tu, ya sita katika mnyororo mmoja, imebadilishwa. Kosa hilo dogo hufanya chembe za damu kujikunja kama mundu na kuziba mishipa. Mtoto hulia kwa maumivu, majirani husema amerogwa, na jibu limo kitabuni.

Wiki inavyopita

Ratiba hutofautiana kutoka chuo hadi chuo, lakini umbo lake hufanana. Mihadhara huanza saa mbili asubuhi na huenda mpaka karibu na chakula cha mchana, saa moja moja au mbili mbili: fiziolojia, kisha anatomia, kisha biokemia. Kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja jioni ni kazi ya vitendo. Siku mbili au tatu alasiri huenda kwenye chumba cha maiti, moja kwa hadubini, moja kwa maabara ya fiziolojia au biokemia. Hapo wanafunzi hupimana shinikizo la damu, huchunguza mkojo wao wenyewe na kuandika ripoti. Ukipiga hesabu ya saa sita kwa siku tano, ni saa 30 darasani. Ongeza saa nne za kusoma kila usiku, siku sita kwa wiki, na hesabu inapita 50.

Saa hizo za usiku haziachwi kwa hiari ya mtu. Mhadhara mmoja wa anatomia unaweza kuwa na majina mapya zaidi ya hamsini, mengi ya Kilatini na Kigiriki. Asipoyapitia usiku uleule, kesho kuna mengine, na kufikia Ijumaa tayari amebaki nyuma. Wanaofaulu hujifunza mapema kuyavunja majina: anayejua kwamba "biceps" maana yake ni "vichwa viwili" hahitaji kukariri kwamba msuli huo huanzia sehemu mbili. Vilevile husoma kwa makundi ya watu wanne au watano, kila mmoja akiwafundisha wenzake. Mwanafunzi aliyezoea kujifungia peke yake na kitabu cha marudio cha KCSE hupata shida hapa. Kiwango chake cha akili hakijashuka. Njia iliyomfikisha ndiyo isiyotosha kwa wingi wa kazi hii.

Mitihani haingoji mwisho wa mwaka. Kuna majaribio ya mara kwa mara, na kila eneo la mwili linapomalizika huwa na lake. Linalokumbukwa zaidi ni lile la kupita meza kwa meza. Kila meza ina kiungo kilichochomekwa pini au chenye alama, pamoja na swali. Mwanafunzi ana dakika moja au zaidi kidogo, kengele inalia, anasonga. Hakuna kurudi nyuma. Kuna pia mtihani wa mdomo mbele ya wahadhiri. Anayeshindwa katika somo hupewa mtihani wa marudio, na akishindwa tena anaweza kurudia mwaka mzima au kuondolewa. Kurudia mwaka ni karo na kodi ya nyumba ya mwaka mwingine.

Hapo ndipo familia inapohusika. Harambee moja kubwa siku ya kuondoka, kisha kimya cha miezi minane, haimsaidii mwanafunzi huyu. Pesa ndogo zinazofika kwa wakati zina faida kuliko nyingi zinazochelewa, kwa kuwa mwenye deni la karo anaweza kuzuiwa kufanya mtihani alioutayarishia mwaka mzima. Maombi ya mkopo wa HELB na basari yafanywe mara tu milango inapofunguliwa, na barua zote zihifadhiwe nakala. Mwanzoni kuna koti jeupe, vifaa vya kupasulia na glavu. Vitabu ni ghali, lakini maktaba huwa navyo na wanafunzi wa miaka ya mbele huuza vya zamani. Kumtarajia atafute kibarua cha jioni ili ajilipie kodi ni kumwomba achague kati ya kibarua na masomo. Na anapoitwa nyumbani kwa kila matanga na kila arusi, siku mbili za safari ni alasiri mbili za chumba cha maiti ambazo hazitarudiwa.

Dalili za kuzidiwa pia zafaa zijulikane. Mwanafunzi asiyepokea simu, anayesema kila kitu ni sawa bila kutaja somo hata moja, au anayelala mchana kutwa siku za mapumziko, aulizwe kwa upole. Vyuo vina ofisi za ushauri nasaha na mkuu wa wanafunzi. Aliyefeli jaribio la Novemba bado ana muda wa kujirekebisha, lakini wengi huficha kwa aibu mpaka matokeo ya mwisho yatoke.

Njia ya Eldoret

Si vyuo vyote vinavyofundisha kwa mihadhara kama msingi. Chuo cha udaktari cha Moi kilianzishwa kwa mtindo mwingine, wa kujifunza kupitia tatizo. Kikundi kidogo cha wanafunzi hupewa kisa kwenye karatasi, tuseme mtoto anayeharisha siku tatu na macho yameingia ndani. Hufafanua maneno wasiyoyajua, hutaja tatizo ni lipi, hubahatisha sababu, kisha huorodhesha wasichokifahamu. Hutawanyika maktabani na hukutana tena kuelezana. Mwalimu huketi nao, lakini kazi yake ni kuwaelekeza zaidi ya kuwahubiria. Anatomia na fiziolojia huingia humo humo.

Moi pia wana mpango uitwao COBES, unaowapeleka wanafunzi kwenye jamii na vituo vya afya vya mashinani mapema, kabla hawajafika wodini. Mkazi anaweza kubishiwa hodi na vijana wenye daftari wakiuliza maji hutoka wapi, choo kiko umbali gani, watoto wamechanjwa au la. Waje na kiongozi wa mtaa au mhudumu wa afya ya jamii, na wajitambulishe. Mwenye nyumba ana haki ya kukataa kujibu. Anayekubali anamsaidia daktari wa kesho kuona kwamba kuhara kwa mtoto yule wa kwenye karatasi kulianzia kisimani.

Likizo ikifika, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hupokewa kijijini kama "daktari". Majirani huja na uvimbe, na shinikizo la damu, na chupa za dawa zilizokwisha. Huyu bado hajafundishwa dawa hata moja, na sheria haimruhusu kutibu wala kuandikia mtu dawa. Leseni hutolewa na KMPDC baada ya masomo yote. Analoweza kufanya ni kueleza jinsi ya kuchanganya ORS kama pakiti inavyoelekeza, na kumsindikiza mgonjwa hadi zahanati. Wazazi wamsaidie kulisema hilo mlangoni, kwa sababu kijana wa miaka 19 huona vigumu kumkatalia mzee aliyechangia harambee yake.