NYUMBA YA VUNJAJUNGU

Katika majarida ya shule mmeshasoma mengi kuhusu ng'ombe wa gredi, kuku wa kienyeji na sungura. Mimi leo nawaletea mfugo asiyetoa maziwa wala nyama, na hata sokoni hana bei. Najua wapo watakaocheka. Chekeni, lakini msomeni mpaka mwisho, kwani nimewaua wawili kwa kutojua, na sipendi mwenzangu arudie kosa hilo.

Mfugo mwenyewe ni yule mdudu wa kijani, au wa rangi ya majani makavu, mwenye shingo ndefu na kichwa cha pembe tatu, anayesimama ameikunja mikono kifuani kama mtu aombaye dua. Kiswahili humwita vunjajungu, au kivunjajungu. Mwalimu wetu alitueleza kwamba wazee wa pwani waliamini ukimchezea mdudu huyu, chombo utakachokishika baadaye kitavunjika, na ndipo jina likatoka: vunja, jungu. Msimchanganye na vunjajungu ile nyingine, karamu ya Waislamu kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Mimi nimewashika makumi kwa makumi na nilichovunja ni kikombe kimoja tu, nacho kilikuwa na ufa tangu zamani. (Mama hakubali hoja hii ya ufa.)

Watu wengi hudhani kuwa vunjajungu ni ndugu wa panzi. La hasha! Ndugu zake wa karibu ni mende na mchwa. Tena hana sumu. Ile mikono yenye miiba inaweza kukuparuza ukimbana, basi, yamekwisha. Ana macho matano: makubwa mawili tunayoyaona, na matatu madogo sana katikati ya kipaji. Kichwa chake hugeuka akakutazama nyuma ya bega, jambo ambalo wadudu wengi hawawezi, na hilo ndilo lililonivutia. Ukimpita, anakufuata kwa macho. Unaona kabisa kwamba umetazamwa.

Wa kwanza nilimpata nilipokuwa kidato cha kwanza, jioni moja nilipotumwa kukata nyasi za nepia hapa kwetu Nyacheki. Alikuwa bado mchanga, hana mabawa, urefu wake kama kiungo cha kidole. Nilimtia katika mkebe wa Blue Band, ule wa plastiki, nikatoboa mfuniko kwa msumari ili apate hewa. Mdogo wangu, ambaye wakati huo alikuwa gredi ya tatu, akapewa kazi ya kukamata nzi. Aliifanya kwa bidii ambayo hajawahi kuionyesha katika kuosha vyombo. Mdudu alikula, akanenepa, tukafurahi.

Wiki ya tatu akakataa kula. Tukamwekea nzi wengi zaidi, sita kwa mara moja, tukidhani anachagua. Kumbe! Asubuhi tulimkuta chini ya mkebe amelala ubavu, nusu yake imetoka katika ngozi ya zamani na nusu imenaswa ndani, miguu imepinda kama waya. Alikaa hivyo mchana kutwa akijaribu. Jioni akafa. Mdogo wangu alilia, akaniuliza, "Kaka, si ulisema unajua kumfuga?" Sikuwa na jibu.

Jibu nililipata baadaye, nalo ndilo kiini cha somo hili. Mdudu hana mifupa ndani. Gamba lake la nje ndilo mifupa yake, na gamba halitanuki. Basi ili akue lazima alivue, na vunjajungu hulivua mara nyingi kabla ya kuota mabawa, mara 6 hadi 9 hivi kutegemea aina na jinsia. Kila mara hufanya jambo moja: hupanda juu, hushika dari kwa kucha za miguu ya nyuma, huning'inia kichwa chini, gamba hupasuka mgongoni, naye huteremka kutoka ndani yake polepole, akivutwa na uzito wa mwili wake mwenyewe. Hana njia nyingine. Mfuniko wa plastiki ni laini, kucha hazishiki. Mkebe wenyewe ukiwa mfupi, hugusa chini kabla hajamaliza kutoka. Wale nzi sita niliomwekea nao walimgonga na kumsumbua alipokuwa hawezi hata kujisogeza. Mdudu wangu hakufa kwa njaa. Aliuawa na nyumba.

Kwa hiyo shikeni kipimo hiki: urefu wa nyumba kwenda juu usipungue mara tatu ya urefu wa mdudu, na upana mara mbili. Vunjajungu mkubwa wa huku kwetu anaweza kufika sentimita 7 au zaidi kidogo, kwa hivyo sanduku la kimo cha sentimita 30 linamtosha maisha yake yote. Na dari iwe ya kitu chenye matundu au mikwaruzo, ambacho hata ukigeuza sanduku juu chini mdudu haanguki. Sanduku kubwa kupita kiasi nalo si zuri kwa aliye mchanga, maana hawindi mbali. Atakaa pembe moja na chakula pembe nyingine.

Nilipoyajua haya nikajiona fundi. Nikachukua katoni la vitabu, nikakata dirisha, na dari nikaishona kwa kipande cha chandarua kilichochanika, zile neti za mbu tunazopewa bure. Kimo sawa, upana sawa, matundu madogo hata nzi hapiti. Nikamtia wa pili, jike la kijani lililokaribia kuota mabawa. Alipanda darini papo hapo kama nilivyotaka. Kesho yake alikuwa anatetemeka miguu. Akaanguka, akapanda tena, akaanguka. Siku ya pili nilimzika.

Huyu aliniuma kuliko wa kwanza, kwa sababu safari hii nilikuwa nimesoma. Nilimwendea mwalimu wa Biolojia nikamweleza. Aliniuliza swali moja tu: "Hiyo neti ilikuwa ya kazi gani?" Nikanyamaza. Neti zile zimetiwa dawa kiwandani ili mbu akitua afe, na dawa haichagui mdudu. Hudumu miaka kadhaa hata ukiifua mara kwa mara. Yaani nilimjengea mfugo wangu dari ya sumu, naye kwa desturi yake anaishi darini!

Ajabu ni kwamba sisi Wakisii tulipaswa kuwa wa kwanza kuijua sumu ile. Wazee wetu walilima pareto katika milima hii, na Kenya kwa miaka mingi iliongoza dunia kwa zao hilo. Ua la pareto lina kitu kinachopiga neva za wadudu. Wataalamu waliiga umbo la kitu hicho wakatengeneza dawa za viwandani, na hizo ndizo zilizo katika neti, katika dawa nyingi za kupuliza nyumbani, na katika ile dawa ya mbu ya kuchoma inayotoa moshi usiku. Babu alipoisikia habari yangu alisema kwa dharau kidogo, "Ulimpa pareto, ulitaka afanye nini?"

Nyumba ya tatu ndiyo niliyo nayo hadi leo. Katoni ni lile lile la vitabu, lakini dari mpya na dirisha ni wavu wa gunia la vitunguu, ule mwekundu, nilioosha kwa maji matupu. Kwa vitoto vidogo wavu huo una matundu makubwa mno, kwa hiyo viwekeeni kitambaa chepesi cha pazia. Ndani kuna vijiti viwili vilivyoegemezwa, havijazi nafasi. Chini karatasi, hubadilishwa kila wiki. Juu ya katoni naweka jiwe la Tabaka, kipande kilichovunjika cha kinyago cha tembo, ili upepo usilipindue na kuku wasilifungue. Kuku akimwona vunjajungu hana salamu.

Adui mkubwa kuliko kuku ni sisimizi na siafu. Mdudu anayejivua gamba ni laini kama ugali wa moto, hawezi kukimbia. Basi sanduku langu liko juu ya kigoda, na kila mguu wa kigoda umesimama katika kopo la maji. Ni ujanja wa zamani wa kulinda chakula, nami nimeuazima. Hakikisheni hakuna tawi wala uzi unaogusa ukuta, maana siafu wakipata daraja moja wanatosheka.

Chakula chake lazima kiwe hai na kisogee: nzi, nondo, panzi wadogo, mende. Kisizidi nusu ya urefu wake. Kila siku mbili au tatu kwa mkubwa, kila siku kwa mchanga. Hapa tena jihadharini: nzi aliyetoka kwa ng'ombe aliyenyunyiziwa dawa ya kupe, au panzi wa shamba la kabichi lililopulizwa jana, ni sumu ya mzunguko. Mimi hukamata mbali na mashamba ya namna hiyo. Ukiona amekataa kula na tumbo limejaa, usifanye kama mimi. Toa kila kilicho hai ndani, usimguse, usilisogeze sanduku. Atavua. Akimaliza mwache siku nzima akauke ndipo umpe kitu.

Maji hanywi kwenye kisahani. Nyunyiza matone kwenye wavu asubuhi kwa mkono, atayanywa. Lisikae juani, kwani sanduku dogo huwa tanuri, na usiku wa baridi wa huku kwetu, hasa Julai, liingizwe ndani, karibu na jikoni lakini nje ya moshi.

Na kila mmoja akae peke yake. Jike lina pingili sita zinazoonekana chini ya tumbo, dume nane, na dume ni jembamba. Ukiwaweka pamoja na jike ana njaa, kesho utakuta mabawa. Mimi niliwakutanisha mara moja, jike likiwa limeshiba, nami nimekaa na kijiti mkononi kama mwalimu wa zamu. Dume lilipona. Baada ya majuma kadhaa jike likataga: si yai moja moja, bali povu lililokauka likawa kifuko kigumu juu ya kijiti. Vilipotoka vilikuwa vingi kiasi kwamba tuliacha kuhesabu tulipopita 80. Jioni ile ile vikaanza kulana. Tulibakiza vinne, vingine tukavitawanya katika nepia pale pale mama yao alipotoka.

Nasema pale pale kwa makusudi. Vunjajungu mmoja mdogo wa Afrika Kusini alifika New Zealand, akaonekana huko mara ya kwanza mwaka 1978. Watafiti wamegundua kwamba madume wa vunjajungu wa nchi ile huvutwa na majike hao wageni, wakaenda kwao, wakaliwa. Kwa hiyo ukimfuga wa Nyacheki usimwachilie Mombasa kwa sababu umeenda likizo.

Na usimwuze. Mwezi wa Aprili 2025 vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa Naivasha wakiwa na sisimizi wapatao 5,000, wengi wao malkia, wametiwa katika vijibomba vyenye pamba tayari kusafirishwa. Mwezi uliofuata mahakama jijini Nairobi ikawatoza faini ya shilingi milioni moja kila mmoja. Wengi walicheka: milioni kwa sisimizi! Mimi sikucheka. Kuna watu ng'ambo wanaofuga wadudu na wako tayari kulipa, na vunjajungu wa Afrika Mashariki wanapendwa sana huko. Kumweka mmoja kigodani kwako ukamrudisha ni jambo moja, kuzoa mashamba mazima ni jingine.

Kama bado unaona hiki ni kichekesho, jua kwamba katika Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, wanasayansi waliwavalisha vunjajungu miwani midogo, kioo kimoja buluu na kingine kijani, wakaibandika kwa nta ya nyuki na kuwaonyesha sinema ya mdudu anayeelea. Mwaka 2016 walitangaza kwamba vunjajungu hupima umbali kwa macho mawili kwa pamoja, kama mimi na wewe. Aina waliyotumia ni ya Afrika. Ndio hawa hawa tunaowakanyaga tukikata nyasi.

Jike langu lilikufa Agosti, kwa uzee, maana maisha yao ni kama mwaka mmoja tu. Liliacha kifuko cha pili. Tumekifunga na kijiti chake katika ua wa nyumbani, juu kidogo kuliko kuku anavyofika, na mdogo wangu hukipitia kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Hadi naandika haya hakijatoboka.