Mfuko wa Choo: Kupunguza Hewa na Harufu

Wapo wenzetu ambao, kwa sababu ya kansa ya utumbo, ajali au utumbo kujisokota, wamepasuliwa na kuwekewa tundu tumboni la kutolea choo. Choo hupokelewa katika mfuko unaobandikwa kwenye ngozi. Wengi wao huogopa kwenda kanisani au kupanda basi la Mikumi kwa ajili ya harufu. Hofu hiyo yaweza kupunguzwa.

HEWA HUTOKA WAPI?
Vijidudu vya utumboni huchachusha mabaki ya chakula na kutoa hewa. Nyingine tunaimeza tunapokula haraka au kuzungumza tukila. Maharage, kabichi na soda huongeza hewa; vitunguu, mayai na samaki huongeza harufu. Chunguza kinachokusumbua wewe, chakula kimoja kimoja. Usijinyime kula: utadhoofika, na hewa haitakoma.

CHUJIO LA MKAA
Mifuko mingine ina chujio dogo lenye mkaa maalumu. Hewa hupita, lakini chembechembe za harufu hunaswa na mkaa. Chujio likilowa huacha kufanya kazi. Kwa hiyo:
1. Lizibe kwa kibandiko chake unapooga.
2. Mwaga choo mfuko ukifikia theluthi moja hadi nusu.
3. Mfuko ukituna kama puto, au harufu ikianza kupita, chujio limechoka, badili mfuko.
Mkaa wa jikoni hauwezi kushika nafasi yake.

KAMA HAKUNA CHUJIO
Toa hewa ukiwa chooni, futa vizuri mdomo wa mfuko, kisha ufunge. Usiutoboe kwa sindano, maana harufu itatoka saa zote. Mfuko ukiwa umefungwa na bado unanuka, tazama kama gundi imeachia ngozi. Tundu la mfuko lilingane na tundu la tumboni, ili choo kisiunguze ngozi.

DALILI ZA HATARI
Tundu lenye afya ni jekundu na lenye unyevu, kama ndani ya mdomo. Likigeuka jeusi, au choo na hewa vikikoma huku tumbo likivimba na kuuma, au ukitapika, usingoje kesho. Aliyeko Munisagara apelekwe Kilosa, hospitali ya wilaya, siku hiyo hiyo.

Nanyi mlio nyumbani, msimkunjie pua mgonjwa wala kumtengea sahani yake. Ugonjwa huu hauambukizi kwa kula pamoja.