Mstari wa Kadi Ukilala

Wazazi, toeni kadi ya kliniki ya mtoto wenu muitazame. Kila mtoto anapopimwa, mhudumu huweka nukta penye uzito wa mwezi huo, kisha huiunganisha na nukta ya mwezi uliopita. Je, mstari unapanda, umelala, au unashuka?

Mtoto aliyezaliwa na kilo 3 kwa kawaida hufikia kilo 6 akiwa na miezi mitano au sita, na akitimiza mwaka huwa na kilo 9 hivi. Mstari ukilala, mtoto hakui vizuri, hata kama anacheza na mashavu yamejaa. Macho ya mzazi hayaoni upungufu wa nusu kilo, mizani huuona.

Mara nyingi mstari hulala baada ya miezi 6, wakati maziwa ya mama peke yake hayatoshi tena. Mtoto huanzishiwa uji. Lakini uji gani? Uji mwepesi wa kunywa kikombeni ni maji mengi na unga kidogo. Tumbo la mtoto ni dogo, nalo hujaa kabla mwili haujapata chakula. Pikeni uji mzito, usiomwagika upesi kijiko kikiinamishwa. Tieni karanga zilizosagwa au unga wa dagaa, na mafuta kidogo. Mpeni mara 2 au 3 kwa siku. Akifikisha miezi 9, mara 3 au 4, na kitu kidogo katikati, kama ndizi mbivu. Mama aendelee kunyonyesha mpaka mtoto atimize miaka 2. Na baba asiseme hayo ni mambo ya jikoni: mama anayerudi kutoka shamba jua limezama hawezi kulisha mara 4 peke yake.

Pengine chakula kipo na mstari bado umelala. Hapo majirani husema mtoto amebemendwa, mama na baba huanza kulaumiana, na majuma yanapita. Tendo la ndoa halimdhoofishi mtoto. Kinachomdhoofisha ni kuharisha, malaria, kifua kikuu, virusi vya UKIMWI na magonjwa mengine yanayopimwa na kutibiwa. Mpelekeni kituo cha afya, mweleze jinsi anavyokula na alivyougua.

Miguu yote miwili ikivimba, na ukibonyeza kwa kidole gumba pakabaki shimo, msingoje siku ya kliniki. Nendeni siku hiyo hiyo. Kadi isiwadanganye hapo: maji yaliyojaa mwilini nayo yana uzito, na mstari waweza kuonekana unapanda.