Mamba Huota Jino Jingine, Mwanao Haoti

Kiangazi, Mto Katuma unapokauka na kubaki madimbwi, viboko hubanana pale Sitalike, kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na mamba hujilaza kando yao wameachama. Mtazame mamba kinywani: meno makubwa kwa madogo, yamechanganyika. Si ugonjwa. Chini ya kila jino kuna jingine linalongoja zamu, na hivyo ndivyo anavyoyabadilisha maisha yake yote. Chonge za kiboko nazo hazikomi kukua. Hupunguzwa na kusuguana tu. Tembo ana seti sita za magego, na ya mwisho ikishalika, kula kunamshinda.

Sisi tuna mbili. Ya utoto, meno 20, huanza kuota mtoto akikaribia miezi 6. Ya ukubwani hufika 32. Wazazi wengi tunapotea hapa: gego la kwanza la ukubwani huota karibu na miaka 6, nyuma kabisa, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Likitoboka, mtu husema, "Liacheni, la utoto hilo, litang'oka." Halitang'oka lenyewe, na likiharibika hakuna jingine nyuma yake. Ganda la nje la jino ni gumu kuliko mfupa, lakini halina uhai wa kujijenga upya. Dawa ya meno yenye floraidi huliimarisha linapoanza kulainika, tundu haizibi.

Jino la ukubwani likichomoka lote kwa kuanguka, lishike sehemu inayoonekana kinywani, usiguse mzizi wala kuusugua. Lisuuze kidogo, lirudishe kwenye shimo lake au litie ndani ya maziwa, na mfike kwa daktari wa meno kabla ya saa moja kupita. La utoto halirudishwi. Hilo mwache alirushe juu ya bati kama tulivyofanya sisi.

Kisha kuna hili la "meno ya plastiki", linalosikika katika mikoa kadhaa ya nchi yetu. Mtoto mchanga anaharisha na ana homa, fizi zake zimetuna na kuonekana nyeupe, basi anapelekwa kwa mtu amchokoe kwa spoku ya baiskeli au wembe. Kinachotolewa pale ni chonge ya utoto ambayo haijakomaa, na mara nyingi chipukizi la ukubwani lililo karibu huumia pia. Mtoto huvuja damu, huweza kupata pepopunda, na kuhara kuko palepale. Anayeharisha anahitaji kunyonya, ORS na zinki, na kufikishwa zahanati mapema. Nasema bila kuzunguka: hakuna jino la plastiki.

Mfupa ni habari nyingine, kwa kuwa wenyewe ni kiungo hai. Ukivunjika, damu huganda pale palipoachana, nyama laini ya kuunganisha hujijenga kwa wiki chache, kisha hugeuka mfupa, halafu mwili huuchonga taratibu kwa miezi mingi hadi urudi umbo lake. Mkono wa mtu mzima huchukua wiki 6 hivi au zaidi. Muundi huweza kupita miezi 3. Mtoto huunga haraka. Dagaa wa Karema, kule Ziwa Tanganyika, wanaoliwa pamoja na mifupa yao husaidia, sigara huchelewesha.

Kwa hiyo mtu akianguka na bodaboda, usimvute mguu "kuunyoosha". Ufunge kwenye ubao au boksi gumu, kamba ishike kiungo kilicho juu na kilicho chini ya palipovunjika. Mfupa ukitokeza nje, funika kwa kitambaa safi, usiurudishe ndani. Fundi wa mifupa wa kienyeji huweza kukaza vijiti sana, na hogo la hospitali nalo huweza kubana uvimbe ukizidi. Kagua vidole kila baada ya muda: vikiwa vya baridi, vyeusi au vimekufa ganzi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, legeza kamba na umpeleke hospitali papo hapo. Kama ni hogo, usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.